Rejista ya Waliolipa Kituoni

Shangazi yangu alivunja posa yangu akiwa ameshika sufuria ya sombe, majani ya muhogo. Ilikuwa Jumapili, mwaka uliofuata Kombe la Dunia, katika nyumba tuliyopanga Chatsworth, Durban. Upande wa mchumba wangu ulikuwa umetuma watu watatu, wanaume wawili na mama mmoja mnene aliyevaa kitenge kipya, wote Warundi wa kanisa lao la mjini. Walikuwa wameshaketi, wameshaomba, wameshausifu usafi wa nyumba. Mchumba mwenyewe alibaki nje ndani ya gari, maana siku kama hiyo si mahali pake kuingia. Shangazi akatoka jikoni, akaweka sufuria mezani, lakini hakuifunua.

"Kabla hatujakula, mtuambie," alisema. "Kijana yenu alifungwa ju ya nini?"

Yule mzee zaidi kati yao alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati. Akaishusha.

"Mama, kijana wetu hajafungwa."

"Polisi walimshika Mobeni, kazini kwake. Watu walimuona akipandishwa kwenye gari. Iko mama kanisani kwetu, bwana yake anafanya kazi palepale. Miye siwezi kutoa mtoto ya kaka yangu kwa mfungwa."

Hawakubishana. Warundi wale walikuwa na adabu iliyonichoma kuliko matusi. Waliinuka mmoja mmoja, wakashukuru kwa mapokezi, wakatoka. Yule mama wa kitenge alinitazama nilivyosimama kwenye mlango wa chumba, na macho yake yalisema kwamba nilikuwa najua, kwamba niliwaita waje kuvuliwa nguo. Nilisikia gari likiwaka. Shangazi akafunua sufuria akajipakulia.

Sitasema kwamba hakunilea. Alinitoa Uvira, kule Kongo, baba yangu alipofariki, akanivusha mipaka yote hadi Durban, akanisomesha Kiingereza kwa pesa ya cherehani yake. Lakini alinipenda kama mtu anavyoshika kola ya mwizi. Tena Warundi hakuwahi kuwapenda. Ukiwa Uvira jioni unaona taa za Bujumbura ng'ambo ya ziwa, na Shangazi alizisema taa zile maisha yake yote kama mtu anayemsema jirani anayemwaga maji machafu uani kwake. Nilipomwambia kwa mara ya kwanza kwamba nimepata mtu na mtu huyo anatoka ng'ambo ile, aliniuliza kama huku Afrika Kusini wanaume wamekwisha.

Siku ileile nilimpigia mchumba wangu simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Ni kweli nilishikwa," alisema. "Msimamizi wa pale ghalani aliniita lile neno lao la kutuita sisi wageni, halafu akanisukuma. Nikampiga ngumi. Nikalala kituoni usiku mmoja. Asubuhi askari akaniambia nisaini, nilipe, niende. Nililipa nikatoka. Iliisha palepale."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu iliisha."

Nilimwamini. Nilirudi jikoni nikamwambia Shangazi kwamba ameaibisha watu kwa umbea, kwamba hakuna kesi wala hukumu, mtu alilipa akatoka.

"Mtu hatoki polisi bure."

"Basi onyesha. Wewe uliyemwita mfungwa mbele ya wazee wake, onyesha hiyo kesi iko wapi."

Nilisema kwa hasira tu. Sikujua kwamba ataenda kuulizia. Siku chache baadaye aliniambia, huku akiuma uzi kwa meno, kwamba mtu wa kanisani amemweleza kuwa karatasi za korti katika nchi hii si siri, mtu yeyote anaweza kwenda kwenye mahakama ya wilaya akaomba kuona. Kwa hiyo ataenda. Ila Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni, cha kutaja bei na rangi ya kitambaa. Alimhitaji mtu wa kumsomea.

"Nitampeleka mtoto ya mchungaji," alisema.

"Utaenda na mimi."

"Wewe utanidanganya."

"Na wewe ukienda bila mimi utarudi na kesi ya mauaji."

Ndivyo tulivyokubaliana. Jumatatu, siku ambayo saluni nilikofanya kazi ya kusuka nywele ilifungwa, tulitoka nyumbani pamoja bila kuamkiana. Kwenye teksi, ambayo huku ni basi dogo la abiria, alikaa mbele kwa dereva, mimi nikakaa nyuma kabisa. Alilipa nauli yake peke yake.

Kwanza tulikwenda kituo cha polisi cha upande ule wa viwanda, maana ndiko mchumba wangu alikolala. Askari wa kaunta alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia. Nilimweleza tunatafuta habari za mtu aliyekamatwa hapo miaka miwili nyuma.

"Wewe ni wakili wake?"

"Hapana."

"Mke wake?"

Nilisema hapana kwa mara ya pili. Shangazi aliniuliza anasema nini, nikamwambia, akacheka puani.

"Basi faili la polisi si la kwenu," alisema yule mama. "Nendeni mahakamani. Kilichofika mahakamani ni cha watu wote. Mna namba ya kesi?"

Hatukuwa nayo. Akatutazama kama watu waliokwenda dukani bila kujua wanataka kununua nini, akamwita aliyekuwa nyuma yetu.

Mahakamani tulipanga foleni ya upekuzi mlangoni. Mlinzi akatoa mkasi mdogo ndani ya mkoba wa Shangazi, ule wa kukatia uzi, akasema hauingii. Shangazi alimtukana kwa Kiswahili na kutabasamu kwa Kizulu. Ndani, korido zilikuwa zimejaa watu wameegemea ukuta, mama wenye watoto mgongoni, vijana waliovaa mashati ya kuazima. Kila mlango ulikuwa na karatasi imebandikwa, majina ya watakaosimamishwa kizimbani siku hiyo. Shangazi alipita mlango hadi mlango akiyakodolea macho majina yale, akitafuta jina la mtu ambaye siku hiyo alikuwa kazini Mobeni akipakia katoni.

"Hizo ni za leo, Shangazi."

"Sikukuuliza."

Ofisi ya karani wa kesi za jinai ilikuwa mwisho wa korido, ina dirisha la kioo lenye tundu. Nyuma yake alikaa mwanamume mwembamba, tai imelegea, anakula mkate uliojazwa mchuzi wa maharage. Hakuuweka chini.

"Namba ya kesi?"

"Hatuna. Tuna jina, mwaka, kituo na kosa."

"Eish. Watu wote wanakuja na jina." Alitafuna. "Huyo ni nani kwenu?"

Shangazi alielewa swali hilo. Alinisukuma kwa kiwiko akasema kwa Kiingereza chake, "She want marry him."

Karani alinitazama, akamtazama Shangazi, kisha akacheka hadi watu wa foleni wakageuka. "Hapa si ofisi ya ndoa, mama." Lakini alifuta vidole, akaniambia nimwandikie jina. Alieleza jambo moja ambalo sikulisahau, kwamba karatasi za mahakama ni za wazi, ila hakuna mtu atakayekutafutia. Yeye atatoa rejista ya mwaka huo, sisi tutatafuta wenyewe, mezani pale mbele yake, na tusikunje ukurasa wala kuandika kitu.

Rejista zilikuja mbili, kubwa, jalada limechakaa kwenye pembe. Tulikaa kwenye benchi moja, mabega yakigusana, mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Kila mstari mtu mmoja: jina, kosa, tarehe, matokeo. Wizi wa dukani. Kupatikana na bangi. Kuendesha gari amelewa. Kuvunja nyumba. Kuwemo nchini bila kibali, na hapo majina yakawa ya kwetu, ya Bukavu na Goma na Bujumbura, yameandikwa na mtu aliyeyasikia vibaya. Nilifuata kwa kidole. Shangazi alifuata kidole changu, na kila nilipofunua ukurasa alinishika mkono nisiende haraka, kana kwamba ningeruka mstari kwa makusudi.

Saa ya chakula ilipita. Tulimaliza ya kwanza, tukamaliza ya pili. Hakuwemo.

Sijui kama nimewahi kufurahi kwa ubaya namna ile. Nilifunga kitabu polepole.

"Hayumo," nilisema. "Umeona mwenyewe. Sasa utapiga magoti mbele ya wale wazee uombe msamaha."

Shangazi aliinuka akashika mkoba wake. Uso wake ulikuwa umekauka. Nilirudisha vitabu dirishani, nikamshukuru karani kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, nikamwambia kwamba mtu wetu hayumo, kwamba alilipa tu kituoni akaachiwa.

"Alilipa kituoni?" Karani aliinua kichwa. "Ungesema toka asubuhi. Hao hawamo humu. Hao wana rejista yao."

"Wepi?"

"Waliokiri kosa wakalipa faini polisi. Karatasi inakuja hapa, hakimu anapitisha, inaandikwa. Haina haja ya mtu kusimama kortini."

Shangazi alikuwa ameshafika mlangoni. Sijui alielewa nini katika maneno yale, labda aliusoma mgongo wangu. Alirudi.

Rejista ile ya tatu ilikuwa nyembamba. Jina lake lilikuwa limepinduliwa, la ukoo likakaa mwanzo na kukosa herufi mbili, lakini alikuwa yeye, kituo kilekile, kosa la shambulio. Na kwenye safu ya mwisho neno moja la Kiingereza, kwa wino wa bluu.

"Inasema nini?" aliuliza Shangazi.

"Inasema alilipa."

Aliweka kidole chake juu ya neno lile. Kidole kile kilikuwa na alama za sindano toka nikiwa mtoto. Akamgeukia karani, akalisoma kwa taabu, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha akalitamka zima. "Guilty?"

"Guilty," alisema karani.

Neno hilo Shangazi alilijua. Lilikuwa kwenye tamthilia zake zote za televisheni. Alifunga mkoba, akatoka, na nilipofika nje alikuwa ameshachukua mkasi wake kwa mlinzi na kupanda teksi bila mimi.

Nilipaswa kurudi nyumbani. Badala yake nilipanda gari la kwenda Mobeni, nikasimama nje ya geti la ghala hadi zamu ilipotoka. Alitoka na wenzake, wanacheka, mikono ya ovaroli ameifunga kiunoni. Aliponiona alifurahi, na furaha hiyo ilinikasirisha.

"Uliniambia iliisha."

"Nini?"

"Nimetoka kortini. Umeandikwa. Una hatia. Imeandikwa kwa wino."

Wenzake walipunguza mwendo ili wasikie. Alinishika mkono tukasogea kando ya uzio.

"Ulienda kortini kunitafuta?"

"Nilienda kumwonyesha Shangazi kwamba kwenye vitabu vyao hakuna jina lako."

"Ulienda na yule mama." Alisema taratibu. "Mkakaa pamoja mkasoma jina langu."

"Kwa nini ulikiri?"

"Sikukiri! Niliambiwa saini uende kazini. Kwa Kiingereza, haraka haraka, saa hiyo hata Kiingereza sikuwa nacho. Ningebaki mle ndani hadi Jumatatu ningefukuzwa kazi. Wewe ungefanya nini?"

"Ningekuambia wewe."

"Ungeniuliza mimi," alisema, "kabla ya kwenda kumuuliza karani." Aliuachia mkono wangu, akawafuata wenzake. Hakugeuka.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Shangazi alipita nyumbani bila kunisemesha, ila kwa simu alisema na kila mtu, nami nilisikia kupitia ukutani neno lile la Kiingereza likirudiwa katikati ya Kiswahili kama kokoto kwenye wali. Kanisani wanawake walinipa mkono kwa ncha za vidole. Nilihamia kwa mwenye saluni, dada mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa na chumba cha ziada mjini. Siku ninafunga mabegi Shangazi alisimama mlangoni.

"Unaniacha ju ya mfungwa."

"Ninakuacha kwa sababu yako wewe."

Huo ndio ukweli na sijaubadilisha hadi leo.

Kisha siku moja mchana mchumba wangu akaja saluni. Nilikuwa nasuka, mteja kichwa kipo nusu. Alikaa kwenye kiti cha kusubiri bila kunisalimu, akasubiri hadi nikamaliza, mteja akajitazama kwenye kioo akaondoka.

"Unakumbuka niliomba kile kibali cha kuendesha teksi?" alisema. "Wakakataa?"

Nilikumbuka. Alikuwa ametaka kuacha kubeba katoni. Alipita mtihani wa kuendesha, alipita daktari, halafu wakamwambia ana rekodi. Alidhani kompyuta imemchanganya na mtu mwingine, maana hapa majina yetu wanayachanganya kila siku. Alikuwa amerudi mara mbili kubishana nao.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Muda wote huo ni mimi." Bado alikuwa na hasira, niliiona kwenye taya. "Nipeleke. Nataka kuiona."

Tulikwenda. Karani alinikumbuka, akauliza kama bado hatujaoana, na hakuna aliyecheka. Mchumba wangu alisoma mstari wake akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Akauliza mtu anafutaje. Karani akasema yeye hafuti, yeye anaandika tu. Lakini akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba watu wengi wamenaswa hivyo, wanalipa wakidhani wamelipia kutoka, na kwamba kuna wanasheria wa bure pale chuo kikuu, wapo wanaosikiliza wageni.

Tulikwenda kwa hao pia. Mwanasheria alikuwa msichana mwenye umri kama wangu. Alimuuliza maswali yaleyale tena na tena: nani alikusomea hiyo karatasi, kwa lugha gani, ulielewa nini, aliwahi kukuambia kwamba ukilipa umekubali kosa? Mchumba wangu, ambaye Kiingereza chake hakikutosha kwa mambo ya sheria, alijibu kwa Kiswahili na mimi nilitafsiri. Kila mara nilipotafsiri alinitazama kwa makini usoni, na nilijua sura ile, nilikuwa nimeiona kwa Shangazi. Hakuwa na uhakika kama nasema alichosema.

Siwezi kusema alinisamehe siku fulani. Tuliendelea kwenda pamoja kwenye ofisi hiyo, na baina ya safari moja na nyingine tukaanza tena kula pamoja, kisha kugombana kuhusu mambo mengine, ambayo ni nafuu. Tulifunga ndoa katika ukumbi waliokodi watu wa kanisa lake. Upande wangu alisimama mwenye saluni. Yule mama wa kitenge alikuja, akanifunga mkanda wa gauni mwenyewe, akaukaza kupita kiasi. Shangazi nilimpelekea mwaliko kwa mkono. Aliupokea, akauliza kama bwana harusi ataruhusiwa kutoka jela siku hiyo.

Kesi ilipelekwa mahakama kuu na ilichukua mwaka na zaidi. Serikali haikupinga. Majaji walisema hakuelezwa alichosaini, kwa hiyo hatia ile ikafutwa. Mwanasheria alitupa nakala yenye muhuri. Mume wangu aliikunja akaiweka mfukoni, akasema kesho yake atarudi kuomba kibali, na hakutaka kusikia neno jingine. Mimi niliomba nakala ya pili nikaipeleka Chatsworth.

Shangazi alikuwa kwenye cherehani. Alikuwa amepungua. Niliweka karatasi mbele yake juu ya kitambaa, nikamsomea sentensi kwa sentensi, nikatafsiri kila neno kwa Kiswahili cha Uvira ili asiseme hakuelewa. Alisikiliza hadi mwisho. Akaigeuza akatazama nyuma, palipokuwa patupu.

"Iko na muhuri," alisema.

"Ndiyo."

"Ile ya kwanza pia ilitoka kwa hakimu." Akanirudishia. "Mwaka kesho watakuletea gani?"

Niliondoka nikiwa nimebana meno hadi yakauma. Nilikuwa nimemletea kile alichodai mwenyewe, karatasi, na karatasi haikumfaa kitu. Tangu hapo tunasalimiana kwenye misiba. Mume wangu alipata kibali chake na sasa anaendesha teksi ya njia ya Bluff. Shangazi, nimesikia, akiiona barabarani huacha ipite na kungoja nyingine.

Watu wa kanisani walinipa mkono tena, polepole, halafu wakaanza kuja nyumbani. Mama mmoja ambaye enzi zile alinisema sana alifika mchana na biskuti za watoto, akazunguka maneno, hali ya hewa, bei ya unga, mpaka akafika. Binti yake amepata mtu. Wanasema mtu huyo aliwahi kushikwa. "Nilisikia unajua njia ya kule kortini, dada."

Mume wangu alikuwa anafunga viatu ili arudi barabarani. Aliacha kufunga.

"Mwambie amuulize kijana mwenyewe," alisema.

"Tulimuuliza," alisema yule mama. "Anasema iliisha."

Mume wangu alimaliza kufunga kiatu, akachukua funguo za teksi, akatoka bila kuaga. Nilimwambia mama yule yote mawili. Nilimwambia aende akakae na kijana, amuulize tena vizuri, kwa lugha yake, ampe muda. Kisha nikamwambia aende na jina, mwaka, kituo na kosa, na asipoyaona kwenye rejista kubwa aombe ile nyembamba. Akaniomba nimwandikie. Nikamwandikia. Alikwenda wiki hiyohiyo, nilisikia baadaye, lakini alichokikuta hakuja kuniambia, na mimi sikumuuliza.